Nilisema "uza", mdogo wangu akauza diski za marehemu baba

Dada Mshauri, salamu.

Naomba jina langu lisitajwe, ingawa mdogo wangu akiisoma barua hii, mistari mitatu tu itamtosha kunijua.

Tumezaliwa wawili. Tangu tukiwa wanafunzi, kilichotuweka karibu ni sinema na vifaa. Ikitoka trela, ikivuja picha ya simu ambayo haijazinduliwa, kampuni ikipanda jukwaani kuonyesha miwani au runinga mpya, dakika tano haziishi nimeshamrekodia sauti: "Umeona? Hii imeua!" Au: "Hamna kitu, ni ile ya mwaka jana wameibadilisha rangi." Naye hunijibu kwa kicheko au kwa kunibishia mpaka usiku. Hatuandiki popote, na hakuna mwingine anayetusikia. Kwangu mimi maneno yale ni sawa na mtu anayetazama mpira akamfokea refa. Refa hasikii, na mfokaji hatarajii asikie.

Sasa sikia yaliyonikuta. Marehemu baba alituachia diski 140 hivi. Nyingi ni DVD, thelathini na kitu ni Blu-ray, zile diski zenye picha kali kuliko DVD. Baba alikuwa na mtindo wake: tukimaliza kutazama, huchomoa karatasi ya jalada, akaandika nyuma yake tarehe na jina la aliyesinzia kabla ya mwisho, kisha akairudisha. Diski zilikaa kwa mdogo wangu kwa sababu deki yake ndiyo iliyokuwa nzima. Hatukugawana. Zilikuwa zetu sote.

Mwishoni mwa 2024, zilipoenea habari kwamba LG wameacha kutengeneza deki za Blu-ray, nilimrekodia kama kawaida yangu: "Diski zimekufa rasmi. Oppo walitoka 2018, Samsung 2019, leo LG. Anayezikumbatia anakumbatia majivu. Uza mapema, bwana!" Nikacheka, nikaendelea na shughuli zangu. Baadaye tukatazama, kila mtu kwake, uzinduzi wa runinga moja ya OLED ya inchi 65. Weusi wa picha yake ulinikosesha la kusema, nami nikasema: "Hii nunua macho yamefungwa."

Mwezi uliopita nilikwenda kwake na mke wangu na watoto. Nilitaka watoto waone sinema ambayo baba alikuwa akituwekea kila likizo. Huduma tunayoilipia ilikuwa nayo, kisha ikaiondoa bila kuaga. Nikakuta rafu tupu. Diski zote pamoja na deki alikuwa ameziuza wiki mbili kabla, kwa mtu mmoja aliyejibu tangazo lake mtandaoni, na pesa zikaongezewa kwenye runinga.

Nilipaza sauti. Nilimwambia amemuuza baba. Hakunijibu. Alichukua simu, akapandisha mazungumzo yetu juu, akabonyeza. Ikatoka sauti yangu, na kicheko changu: "Uza mapema, bwana!" Mbele ya mke wangu na watoto. Kisha akasema, "Kaka, si wewe?"

Na runinga yenyewe hana raha nayo. Imetazamana na dirisha, mchana picha ni giza tupu. Sinema zinaonekana kama taarifa ya habari. Sauti ya saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya runinga, inachelewa: mdomo umeshafunga ndipo neno linatoka. Anasema hiyo nayo ni kazi yangu.

Njiani tukirudi, mke wangu alisema jambo moja tu: "Usimwambie mtu anunue au auze kitu ambacho hukukigusa." Tangu siku hiyo simu iko kimya. Zimetoka trela mbili na tetesi za simu moja. Nimeanza kurekodi, nikafuta. Naona haya kuomba radhi, kwa sababu ni mimi niliyeuziwa changu bila kuulizwa. Naona haya kudai, kwa sababu sauti ni yangu. Nimefikiria kumlipia sehemu ya runinga ili yaishe. Nimefikiria pia kuacha kabisa mazungumzo haya, ila nikiyaacha sijui mimi na mdogo wangu tutazungumza nini.

Nifanyeje?

Mropokaji

JIBU

Kaka yangu,

Jina ulilojipa sitalitumia, maana nina shaka nalo, na shaka yenyewe nitaieleza.

Umeshikwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Una dai halali: mali ya watu wawili imeuzwa na mmoja. Na una deni: neno lako limo katika safari iliyofikisha mali hiyo sokoni. Kila ukitaka kudai, deni linakuziba mdomo. Ukitaka kulipa deni, dai linakuuma. Ndiyo maana umekaa kimya mwezi mzima. Nadhani kosa la kwanza ni kuyafanya haya mawili yafutane, kana kwamba mwenye deni hawezi kuwa na dai. Anaweza, na yote mawili yakabaki na ukubwa wake.

Tuanze na ile sauti. Unasema ni sawa na kumfokea refa. Lakini refa hakujui wewe, na hajawahi kukaa chini yako mezani akikutazama ili ajue la kucheka na la kuogopa. Mdogo mtu akisikia "uza" kutoka kwa kaka yake, husikia utani, na nyuma ya utani humsikia kaka. Halafu angalia ulivyousuka ule ujumbe. Uliweka majina ya kampuni na miaka, ukapanga hoja, ukamalizia kwa kitenzi cha kuamuru. Kicheko kilikuja mwisho. Mtu akiusikiliza akiwa peke yake, ana haki ya kudhani umefanya utafiti.

Upande wa pili nao una uzito. Ujumbe ule haukusema "uza zote", wala "uza bila kuniambia", wala "uza na deki". Kati ya sauti yako na rafu tupu kulikuwa na hatua nyingi zilizofanywa na mtu mzima: kupiga picha, kuweka tangazo, kukubaliana bei, kufunga maboksi. Katika hatua zote hizo, swali moja la "kaka, nauza za baba, sawa?" lingetosha. Kwa nini halikuulizwa? Barua yako haisemi kama uliwahi kumuuliza. Huenda alidhani umeshakubali. Huenda alihitaji pesa akaona haya kusema, neno lako likampa ruhusa aliyokuwa akiitafuta. Huenda pia hakujua thamani ya kilichokuwamo, na hapa nina swali. Makasha mengi ya DVD ni ya plastiki nyeusi. Maandishi ya nyuma ya karatasi hayaonekani kabisa mpaka karatasi ichomolewe. Ya Blu-ray huwa ya buluu inayopenyeza mwanga, maandishi huweza kuonekana kasha likifunguliwa, lakini hizo zilikuwa thelathini na kitu tu. Je, una hakika mdogo wako alijua kwamba baba aliandika katika kila moja? Wewe ni mkubwa, ulikuwa macho baba alipokuwa akiandika. Yeye huenda ndiye aliyekuwa akisinzia.

Sasa habari yenyewe, kwa sababu shabiki mwenzangu, hapo ndipo penye somo la ufundi. Uliyoyasema kuhusu kampuni ni kweli: Oppo waliacha deki 2018, Samsung 2019, na LG wakafuata. Tatizo ni hukumu uliyoitoa humo. Sony na Panasonic hawakuondoka pamoja nao. Deki ya Blu-ray ya 4K, yaani ya picha yenye nukta nyingi zaidi, inasoma pia Blu-ray za kawaida na DVD. Mashine ya michezo ya PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inasoma zote tatu, ingawa haisomi CD za muziki, na Xbox Series X nayo inasoma filamu za diski. Februari 2025 kulitokea kelele nyingine kwamba Sony wameua Blu-ray. Walichoacha kutengeneza ni diski tupu za kurekodia, filamu hazikuguswa. Vichwa vya habari vilivyokatwa vifupi viliwachanganya wengi. Na umbo la kale kutangazwa maiti si jambo geni: Marekani, mwaka 2022, santuri za vinili ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987. Umbo likipungua sokoni, deki mpya huwa adimu, naam, lakini diski iliyopo rafuni haiathiriki kwa chochote. Kwa mwenye diski 140 na deki nzima, habari ile ingeweza kumaanisha kinyume kabisa cha "uza": itunze deki, maana ya pili itakuwa taabu kuipata.

Sinema ya likizo iliyoondolewa kwenye huduma inaonyesha upande huo huo. Huduma za kutiririsha hukodi haki kwa muda, muda ukiisha sinema inaondoka. Hata unapobonyeza "nunua", mara nyingi unachopata ni leseni ya kutazama. Jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wa aina hiyo waeleze wazi kwamba mteja anapata leseni. Kuna na tofauti ya ubora, ambayo mpenzi wa picha kama wewe ataijali: sinema ya 4K kupitia intaneti kwa kawaida huja kwa megabiti kama 15 hadi 25 kwa sekunde, wakati diski ya 4K inaweza kufikia 128, na sauti yake huweza kuwa ile isiyopunguzwa kitu.

Sikuambii haya ili yakuzidishie majuto. Yakusaidie kupima ukubwa wa deni lako: ulitoa taarifa sahihi na hukumu ya haraka. Hilo lina ukubwa wake, na ukubwa wake haufiki "mimi ndiye niliyeuza".

Tuje kwenye njia ulizonazo.

Kumlipia sehemu ya runinga ni rahisi kwa sababu pesa hazihitaji kuzungumza, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ukilipa kimyakimya, umekubali kwamba kila neno la ushabiki lina dhamana kama ya kiwandani, na dai lako la diski limezikwa bila kutajwa. Litafukuka siku nyingine, pengine kwenye jambo lisilohusiana kabisa. Isitoshe, ukitazama dalili ulizozitaja, naona runinga ile huenda haina ugonjwa wowote. Nenda mkaitengeneze pamoja kabla ya mtu yeyote kutoa pesa.

Anzeni na sinema kuonekana kama taarifa ya habari, maana hilo ni la dakika mbili. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga inabuni fremu za katikati ili mwendo uwe laini, na ulaini huo ndio unaoua usinema. Kila kampuni imeupa jina lake: LG huita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Uzimeni kwenye mipangilio ya picha, au chagueni Filmmaker Mode kama ipo, ambayo huuzima yenyewe. Angalizo: runinga nyingi huhifadhi mipangilio kwa kila chanzo peke yake. Ukizima kwenye tundu moja la HDMI (la waya wa picha na sauti), usishangae tatizo likibaki kwenye programu zilizomo ndani ya runinga. Rudieni huko pia.

Giza la mchana lina sababu mbili, mojawapo si ya kubonyeza. OLED huwasha kila nukta kwa mwanga wake yenyewe. Ndiyo siri ya ule weusi uliokukosesha la kusema, lakini picha nzima ikiwa nyeupe haifikii ung'avu wa runinga nzuri ya Mini LED, ile inayoangazwa na taa ndogondogo nyuma ya kioo. Ukiitazamisha na dirisha umeipa mtihani wake mgumu kuliko yote. Zimeni kwanza kipengele cha kuokoa umeme na kihisi cha mwanga wa chumbani, ambavyo mara nyingi huja vimewashwa kutoka kiwandani na kuishusha picha. Wekeni hali mbili: yenye mwanga mkali kwa mchana, Filmmaker kwa usiku. Kisha isogezeni ukuta wa pembeni, dirisha liwe ubavuni. Kama haisogezeki, pazia zito litafanya kazi ambayo hakuna menyu itaiweza. Na mkimaliza kutazama, izimeni kwa rimoti, msikate umeme ukutani papo hapo, maana paneli za OLED hujisawazisha zikiwa zimezimwa lakini bado zina umeme.

Sauti inayochelewa inanifanya niulize saundiba imeunganishwaje. Kama ni kwa Bluetooth, mmeshamkamata mwizi. Tumieni waya wa HDMI, na usichomekwe tundu lolote tu: upande wa runinga ni lile lililoandikwa ARC au eARC (njia ya kupeleka sauti ya runinga kwenye saundiba), na upande wa saundiba vivyo hivyo. Kama ni waya tayari, ingieni mipangilio ya sauti, mtoe PCM (sauti ambayo runinga imeshaichakata) mweke ile ya kupitisha sauti bila kuichakata (kwa kawaida imeandikwa Pass Through), halafu mhakikishe ucheleweshaji wa sauti uko sifuri kwenye runinga na kwenye saundiba. Watu wengi hukosea hapa: kile kipimo cha milisekunde kinaweza kuchelewesha sauti tu, hakiwezi kuiwahisha. Mtu akikigusagusa akiongeza, tatizo lenu linazidi. Sauti ikishakuwa mbele ya mdomo ndipo muongeze kidogokidogo, milisekunde 10 kwa 10, mkitazama mtu anayezungumza uso wake ukiwa karibu.

Mchana mmoja unatosha kwa yote hayo. Faida yake ya pembeni ni kwamba ndugu wawili wakiwa nyuma ya runinga wanatafuta tundu la waya, mara nyingi huzungumza vizuri kuliko wakiwa wametazamana. Hatari ipo: ukienda kama fundi anayejua kila kitu, utakuwa umerudia kosa lilelile kwa sauti nyingine. Rimoti mwachie yeye.

Kuomba radhi kwanza. Unaogopa kwamba ukianza, umeshindwa kesi. Huenda ikatokea hivyo kama utaomba radhi ya jumla, "nisamehe kwa yote", kwa sababu radhi ya namna hiyo humeza na dai lako. Unaweza kuomba ya kipande chako tu, na ukakitaja: "Nilisema uza kwa kujiamini, kuhusu kitu nilichokuwa nimesoma kichwa chake cha habari. Hilo ni langu. Diski kuuzwa bila kuniuliza, hilo linaniuma, na nataka tulizungumze." Sentensi hizo hazifutani. Hatari ni kwamba atajibu nusu ya kwanza na kuiruka ya pili. Akifanya hivyo, usimkimbize siku hiyohiyo. Na lile neno la "umemuuza baba", lililosemwa mbele ya wanao, nalo liko upande wako wa mizani; yeye aliicheza sauti yako mbele yao, wewe ulimtwika mzigo wa kumuuza baba mbele yao. Watoto waliosikia ugomvi wangefaa waone na sehemu inayofuata.

Kungoja aanze yeye pia ni njia, na heshima ya ukubwa inakuvuta huko. Gharama yake iko kwenye kalenda, nami nitaifikia muda si mrefu.

Kuacha mazungumzo kabisa. Hapa ndipo shaka yangu juu ya jina ulilojipa. Soma tena alichosema mke wako: usimwambie mtu anunue au auze. Hakusema usiseme "hii imeua". Uliyasikia maneno yake kama amri ya kunyamaza, na mimi siioni amri hiyo ndani yake. Kuna mpaka mzuri ameuchora, hata kama hakuukusudia. Trela unaweza kuihukumu papo hapo, kwa sababu trela umeiona yote. Kilichokuja kwako ni kitu kamili cha dakika mbili. Na hukumu ya mashabiki ina nguvu: mwaka 2019 trela ya kwanza ya sinema ya Sonic ilizomewa hadi watengenezaji wakamchora upya mhusika, na sinema ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Kifaa jukwaani ni tofauti. Unachokiona ni tangazo la kifaa, kikiwa chumba chenye giza, picha iliyochaguliwa, waya umefichwa. Apple walionyesha AirPower, kibao cha kuchajia, Septemba 2017. Machi 2019 wakakifuta kabla hata kimoja hakijauzwa. Aliyesema "nitanunua macho yamefungwa" siku ya uzinduzi hakukosea kufurahi. Alichokosa ni kitu cha kununua.

Kwa hiyo mnaweza kubaki na kelele zenu mkaziwekea alama. Wengine husema mwanzoni kabisa, "hii ni ya kelele tu", na linapofika swali la kutoa pesa hubadilisha njia: wanapigiana simu, hawarekodiani. Simu ina maswali. Sauti iliyorekodiwa inabaki ilivyo miezi kadhaa, hata mwenyewe akiwa ameshabadili mawazo. Kwa kifaa, swali la simu linaweza kuwa moja tu: kitakaa wapi? Lingeulizwa kuhusu ile OLED, dirisha lingejitaja lenyewe. Ubaya wa alama hizi ni kwamba mwanzoni zitaondoa utamu, mtajiona kama mnasoma masharti ya bima. Huenda zikazoeleka, huenda mkaziacha wiki ya pili. Ninyi mtajua.

Unauliza pia mtazungumza nini bila habari hizo. Sidhani kama mlikuwa mkizungumzia simu na trela peke yake miaka yote hiyo. "Umeona?" ni njia ya kumwambia mtu kwamba umemkumbuka. Ukitaka kujaribu, mtumie moja isiyo na hukumu, uone.

Nimebakiza diski, na hapa kalenda inahesabu. Zimeshapita wiki sita hivi. Mtu anayenunua diski 140 kwa mkupuo aghalabu ni mmojawapo kati ya wawili: mkusanyaji, ambaye bado anazo na anazipanga, au mchuuzi, ambaye anaziuza moja moja na kila wiki zinapungua. Mazungumzo ya mauzo yamo kwenye simu ya mdogo wako, kwa hiyo bila yeye huwezi kumfikia mnunuzi, na ndiyo gharama ya kungoja niliyoitaja. Akikubali, ni vyema aandike yeye, kwa kuwa ndiye anayejulikana, na asiandike kama anayedai. Mauzo yalikuwa halali kwa upande wa mnunuzi, hana kosa lolote.

Mkitaka sinema zenyewe tu, nyingi zinapatikana tena zikiwa zimetumika. Angalieni namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski ilitengenezewa, kabla ya kulipa: DVD za madukani zimegawanywa kanda 1 hadi 6, Blu-ray A, B na C, na za 4K hazina kanda. Deki ya kanda nyingine itazikataa. Mikwaruzo nayo haifanani. Data ya DVD imo katikati, kati ya bamba mbili za milimita 0.6 kila moja, kwa hiyo mkwaruzo mwepesi wa juu mara nyingi hung'arishwa ukaisha. Ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu kutoka usoni. Ina gamba gumu, lakini mkwaruzo ukishalipita gamba hilo, haitengenezeki.

Ila sinema si kitu pekee kilichouzwa, au sivyo? Barua yako haikutaja jina la sinema hata moja. Ilitaja tarehe, na aliyesinzia. Vitu hivyo vimo kwenye karatasi, na mnunuzi anaweza asijue kama anazo. Ombi la kurudishiwa diski 140 ni zito na anaweza kulikataa. Ombi la picha za nyuma ya majalada ni jepesi, watu wengi wangelikubali wakielezwa sababu, mkimlipa muda wake. Katikati yake kuna ombi la karatasi zenyewe: mchuuzi atasita, maana kasha bila jalada hushuka bei, hivyo mfikirieni fidia, au mmpe nakala iliyochapishwa vizuri badala yake.

Akikubali kupiga picha, mwelezeni namna. Kasha lifunguliwe lote lilale bapa, karatasi ivutwe taratibu kwa kuelekea juu, ambako plastiki ya nje ipo wazi. Za zamani huwa zimegandana na plastiki. Zisivutwe kwa nguvu, kasha lipindwe mbele na nyuma kidogo mpaka ziachie. Mwanga utoke ubavuni, usitoke juu, ili kalamu iliyofifia ionekane. Na aanze na zile za kasha jeusi, ambazo hakuna aliyewahi kuziona ndani zaidi ya baba yenu, na labda wewe.